Fundi Kasim Aliyemwonea Haya Binti Yake

Ndugu zangu, jambo hili lilitokea kijijini Kisondela, miaka ya Ujamaa, na linauma kulisimulia.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imekatika. Migomba ilidondosha maji, mama Mwanaheri alikuwa uani akimenya ndizi, na mumewe, fundi Kasim, alikuwa barazani akishona sare za shule. Binti yao Arafa, msichana wa kwanza kijijini kufika chuo kikuu, alikuwa safarini akija likizo.

Jirani yao Ambilikile akaja mbio. "Fundi, daktari wetu anafika lini?"

"Kesho, inshallah," Kasim akajibu bila kuinua macho.

Maana Arafa hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa wanyama. Aliishi msituni Kigoma, akiwafuata sokwe tangu wanapoamka mitini hadi wanapojitengenezea viota vya kulala, akichunguza wanavyokula na wanavyolea, na kupigania msitu wao usifyekwe. Alipomweleza baba yake kazi hiyo, Kasim aliona uso unamwaka. Alijua watu watakavyosema: fundi kasomesha mtoto akachunge nyani! Basi alipoulizwa msikitini, alisema, "Arafa ni daktari, anatibu watu." Tangu hapo akaheshimiwa. Akaletewa mikungu ya ndizi na vibuyu vya maziwa, naye akapokea.

"Mwanangu Lusungu ana homa, shingo imekakamaa," Ambilikile akasema. "Mama yake anataka tumpeleke hospitali Tukuyu leo hii. Lakini kama mwanao anakuja, si afadhali tungoje?"

Hapo, ndugu msomaji, neno moja la kweli lingetosha. Kasim aliligeuza mdomoni, akaliona chungu, akalimeza.

"Ngojeni," akasema.

Kesho yake mchana Arafa aliingia na mzigo kichwani. Hata hajamaliza kuamkia, mke wa Ambilikile akamwekea Lusungu mikononi. "Ndaga, asante kwa kuja, daktari. Mtazame mwanangu."

Mtoto alikuwa amekakamaa kama gogo, macho yamepinduka. Arafa alimgusa shingo, akashtuka.

"Mama, mimi si daktari wa watu! Kazi yangu ni kuchunguza sokwe. Huyu ni wa hospitali, sasa hivi! Nani aliwaambia mningoje mimi?"

Wanawake waliokuja kumlaki wakageuka wote kumtazama Kasim. Yeye akatazama vidole vya miguu yake.

"Baba?"

"Nilisema mimi," akajibu, kwa sauti ndogo sana.

Machela ikafungwa haraka, wanaume wakashika njia ya Tukuyu. Kasim naye akashika mti mmoja wa machela, lakini kwenye utelezi wa mlimani akayumba.

"Toka, fundi," Ambilikile akamwambia. "Mwachie mwingine."

Akatoka. Akawafuata kwa nyuma, mikono mitupu.

"Mngemleta jana," muuguzi wa hospitali alisema, akamchukua mtoto. Lusungu alipona, lakini masikio yake hayakupona. Mama yake alimwita jina kitandani, akamwita tena, na mtoto akaendelea kutazama dirisha.

Nje ya wodi Kasim alimwambia binti yake, "Niliogopa watasema unachunga nyani."

"Ni sokwe, baba. Nimemwona mmoja akimbeba mwanawe mgonjwa kutwa, hamweki chini. Nao sijawaonea haya hata siku moja." Arafa akafuta macho. "Leo nimekuonea haya wewe."

Kwenye mkutano wa kijiji Kasim alisimama akasema kweli yote. Hakuna aliyemcheka Arafa. Walimsogezea kigoda, wakamwuliza kama kweli sokwe hukumbatiana, na kwa nini wawindaji huua mama ili wauze mtoto, mpaka giza likaingia. Kasim hakuulizwa neno. Ambilikile alipoondoka alimpita kama anavyopita kisiki.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kazi ya halali ya mwanao haikuaibishi, hata kama huielewi. Uliza akueleze. Aibu ni uongo unaousema ili usichekwe, maana hujui nani atauamini, wala ataulipia kwa kitu gani. Kasim aliogopa kicheko cha siku moja. Lusungu ndiye aliyelipa, naye hakuwa amemcheka mtu.