Pigo la Saba

Saa tatu kamili asubuhi, wanafunzi arobaini wa mwaka wa pili wa Fedha na Masoko walivaa glavu zao, wakabana ngoma katikati ya magoti, wakaanza kupiga muheme, mdundo wa Kigogo ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujifunza.

Walipiga vizuri mno. Mikono themanini ilipanda na kushuka kwa pamoja huku wenye mikono wakitazama dirishani, mmoja anapiga miayo, mwingine anamung'unya ubuyu. Ndiyo raha ya glavu-kumbukizi. Ndani yake mna nyuzi laini kuliko unywele, zinazoiamuru misuli irudie kile ambacho mkono wa mtu mwingine ulikwisha kufanya. Wewe unakaa tu, mkono unajua.

Chuo Kikuu cha Biashara cha Nzuguma, huku Dodoma, kilianzisha somo hilo mwaka 2081, baada ya kugundua kwamba roboti zinafanya kazi za wahitimu wake vizuri kuliko wahitimu wenyewe. Kilichobaki kwa binadamu, alisema Profesa Rwegoshora, ni ubunifu. Basi sanaa ikaingizwa kwenye biashara. Ila ratiba ilikuwa na saa mbili tu kwa wiki, na muheme unataka miaka. Ndipo alipoitwa mhandisi Aikande atengeneze njia ya mkato.

Aikande alikuwa amekaa nyuma ya darasa na kompyuta yake, akisubiri mzunguko wa tatu. Ulipofika, mapigo sita yalilia, kikafuata kimya kifupi mahali pa pigo la saba, kisha ngoma zikaendelea. Alikisikiliza kimya hicho kila Jumanne. Mwanzoni alikuwa akitoka nje kabla hakijafika. Siku hizi hakuhisi kitu, na hilo nalo halikumshtua.

"Mmesikia?" Profesa alisema akitembea mbele ya darasa. "Kila mtu anatarajia pigo, halipo! Mfanyabiashara wa kawaida angelipiga. Mbunifu anaacha mwanya, mteja aujaze mwenyewe."

Alishaandika makala mbili kuhusu mwanya huo, na jamani, zilikuwa makala nzuri.

Ukweli ulikuwa kwenye kompyuta ya Aikande. Mkono wa kushoto wa glavu zile ulikuwa wa Mama Perusi Chidumizi, mpiga muheme wa miaka sitini na moja. Ili kuunasa, Aikande alichomeka nyaya kwenye mishipa yake ya fahamu. Katika mzunguko wa tatu waya mmoja ulipata moto, na mkono ukasimama kabla ya pigo la saba, likabaki tupu. Mapigo yaliyofuata yalijazwa na mtambo kwa kurudia mizunguko ya mwanzo. Kwenye ripoti Aikande aliandika: mshiriki alichoka. Kwa mama mwenyewe alisema ganzi itaisha. Sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Mkono wa kulia ulinaswa kwa kamera tu, kwa hiyo ulikuwa unapiga kwa wakati lakini bila ladha, kama fundi anayegonga misumari. Chuo kikataka nao unaswe kwa nyaya. Leo Mama Perusi alikuja kusaini kibali, na Aikande alitakiwa kusaini cheti kwamba mtambo ni salama.

"Mbukwenyi," mama alisalimia kwa Kigogo mlangoni, ngoma yake kwapani.

"Shikamoo, mama." Aikande aliinuka.

"Marahaba, mwanangu. Ganzi yako ile bado ipo." Aliuonyesha mkono wa kushoto, umefungwa bandeji. "Juzi nimeshika sufuria ya moto. Mpaka mjukuu alipopiga kelele ndipo nikajua naungua. Lakini wa kulia mzima. Nisaini wapi?"

"Kwa nini unakubali, mama?"

"Binti zangu hawataki kupiga. Profesa kasema muheme usipoingia kwenye glavu, utaondoka na mimi. Sasa nifanyeje?"

Profesa alimkaribisha kiti na kuliambia darasa lirudie. Mama Perusi akasikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha. Mzunguko wa tatu ukafika, wanafunzi wakaliruka pigo la saba, wote arobaini.

"Mbona wanaliruka?"

"Si ubunifu wako huo, mama!"

"Ubunifu gani? Hapo ndipo mkono wangu ulipokufa. Moto ulinipanda mpaka begani, halafu sikuusikia tena mkono."

Profesa akacheka. "Wasanii bwana! Wenyewe hawajui wanachokifanya."

Msichana wa mstari wa mbele, Sekela, alivua glavu zake. "Mama, pigo lenyewe lilikuwaje?"

Mama Perusi aliibana ngoma kwa magoti, akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaunyanyua, akauachia juu ya ngozi. Puu.

"Hivyo," alisema. "Sijui kama limetoka sawa. Nimelisikia kwa masikio tu."

Aikande alifunga kompyuta. "Profesa, sisaini. Mtambo si salama. Nilijua tangu siku ile."

Alitegemea kulia, au kufokewa. Hakulia, na Profesa hakufoka. "Haina neno," alisema akitazama saa yake. "Rekodi tuliyonayo inatosha."

Mama Perusi alimgeukia Aikande. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama."

"Haya. Nisindikize basi. Nikiwa na ngoma siwezi kufungua mlango."

Wakaenda mpaka getini. Aikande alifungua milango mitatu.

Wiki mbili baadaye ulifanyika mtihani. Swali la kwanza: Eleza umuhimu wa pigo lililoachwa katika kufungua masoko mapya. Wanafunzi thelathini na tisa walijaza kurasa. Sekela aliandika mstari mmoja.

Karatasi zilisahihishwa na kisahihishi, roboti ambayo Aikande ndiye aliyekuwa akiihudumia. Jioni alifungua matokeo na kuitafuta karatasi ya Sekela. Jibu lake lilikuwa hili: "Hapo palikuwa na pigo. Mkono wa Mama Perusi ulikufa kabla haujalipiga."

Sifuri. Chini yake, kwa wino mwekundu, roboti iliandika: Mtahiniwa hana ubunifu.