Nilimjengea Maalim Ukuta Upande wa Jicho Bovu

Nilisikia mlio wa chuma kabla sijaona kitu. Ting... kimya... kisha ting ting, mara mbili kwa mkupuo, nyuma ya ukuta wa mawe. Nilikuwa na miaka kumi na minane na kikapu cha chakula mkononi, nimetumwa na Bi Zuhura kumpelekea mumewe kwenye shimo la mawe lililoachwa, njia ya Kiwengwa.

Leo nina miaka thelathini na mmoja. Ninakaa peke yangu katika vyumba viwili vya ghorofani, Mji Mkongwe, na ninayoyaandika hapa sijapata kumwambia mtu.

Maalim Khatibu, huyo mumewe Bi Zuhura, alikuwa mwalimu wangu wa skuli. Baba yangu alipofariki, yeye na Bi Zuhura walinichukua, wakanilea, wakanisomesha ufundi wa kuchora nyumba. Hawakujaaliwa mtoto. Mtoto wao nilikuwa mimi.

Kule shimoni Maalim alikuwa na wenzake kama ishirini, mafundi, walimu na wauza duka, waliopenda mchezo wa kulenga shabaha. Bastola zao ni za upepo, si za moto. Lakini hupigi ukiwa umesimama. Filimbi ikilia unakimbia baina ya kuta za mbao na mapipa, unachungulia dirishani, unapiga kibao cha chuma, unakimbia tena. Mshindi ni anayeviangusha vibao vyote kwa muda mfupi kuliko wenzake.

Njia hiyo tunaiita kituo. Kila shindano lazima mtu akichore na kukijenga upya, na washindani hawakioni mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Maalim alinifundisha kazi hiyo, na mikono yake ilipochoka akaniachia.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, mdomo wa bastola usivuke kamba nyekundu kuelekea walipo watu. Ukivuka, umetolewa, na hakuna kuomba. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe: kila kituo kiwe na njia ya pili.

"Mchoraji havizii mtu," alikuwa akinambia. "Mfupi, mwenye mkono wa kushoto, mwenye goti bovu, wote waachie pa kupita. Mtu akishindwa, ashindwe na mikono yake, si na kalamu yako."

Nilikwenda hivyo miaka minane. Kisha nikaolewa na Seif.

Seif alikuwa akitengeneza simu mtaa wa Mlandege, kijana mcheshi, mwepesi wa miguu. Katika kila shindano alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Maalim, mzee wa miaka sitini na tatu, anayetembea kituoni kama mtu anayetafuta kobazi zake na bado anakushinda. Seif alikuwa akicheka mbele za watu. Nyumbani hakuwa akicheka.

Ndipo hoteli moja ya Kiwengwa ikatafuta mtu wa kusimamia uwanja wa shabaha wa wageni wao. Kazi ya kudumu, na nyumba ndani yake. Walisema watamchukua atakayeshinda shindano letu.

"Nikiipata hiyo," Maalim alinambia, "Bi Zuhura ataacha kukaanga mandazi ya kuuza. Mgongo wake umeshasema basi."

Wiki tatu kabla ya shindano aliniomba nimsindikize hospitali. Presha ya macho... Jicho la kulia lilikuwa limeshakufa. Daktari alisema lilianza kufa zamani, kidogokidogo. Tulipotoka nje Maalim alinishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto.

"Usimwambie Bi Zuhura. Hatalala."

Nikaapa. Na siku nne baadaye, tukiwa mezani, Seif akauliza, "Hivi Maalim siku hizi mbona anageuza shingo kama kuku?"

Nikamwambia! Kwa nini? Nimejiuliza mara ngapi... Labda kwa sababu mtu mwenye siri hujiona mkubwa.

Seif aliacha kula. "Mchoraji wa kituo nani?"

"Si mie?"

"Na mimi ni nani wa mchoraji?"

Hakusema zaidi. Msidhani nilishurutishwa. Hakunipiga, hakunitishia. Nilikaa na karatasi yangu mchana kweupe, nikachora ujia mwembamba wa mbao, na mwishoni mwake kibao cha mwisho, mkono wa kulia, karibu kabisa na kamba nyekundu. Mwenye macho mawili angekiona kwa pembe ya jicho. Asiye na jicho la kulia ingembidi ageuze kichwa na mwili wote, na mkono wenye bastola ungefuata. Upande wa kushoto palikuwa na mwanya ambao mtu angeweza kupita na kukikabili kibao uso kwa uso. Nikauziba kwa pipa. Na nitasema kweli yote: nilipopiga mstari ule wa mwisho, niliona raha. Niliona nimempita mwalimu wangu.

Siku ya shindano nilimwamkia. "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Washindani hupewa dakika tano za kukagua kituo mikono mitupu. Maalim aliingia, kidole chake ndiyo bastola. Alipofika mwisho wa ujia akasimama. Akageuza kichwa kulia, akakiona kibao. Akarudi, akatafuta upande wa kushoto, akaweka kiganja chake juu ya lile pipa. Pipa lilikuwa limepigiliwa misumari.

Angeweza kulalamika. Mshindani yeyote anaweza kulalamika kabla ya kuanza, na pipa lingeondolewa. Lakini wangemuuliza, linakudhuru nini? Na Bi Zuhura alikuwepo, amekaa mkekani na vikapu vyake.

Akaja niliposimama mimi.

"Kituo kizuri," akasema taratibu. "Aliyekijenga ananijua."

Nikageuka, nikaenda kuikaza kamba nyekundu.

Filimbi ikalia. Maalim aliangusha kila kibao cha kabla ya ujia, hata kimoja hakikumponyoka. Aliingia kwenye ujia, akafika mwisho, akageuka, akageuka zaidi, na mdomo wa bastola ukavuka kamba. Msimamizi akapiga ukelele wa kusimamisha. Watu waliokaa upande ule walijitupa chini.

Hakuna aliyeumia. Maalim aliweka bastola mezani, akainua mikono. Pangetosha hapo. Lakini Seif akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Msimlaumu jamani, mzee ana jicho moja. La pili pambo."

Wako waliocheka. Bi Zuhura akanyanyuka mkekani.

"Jicho gani?" akauliza. "Maalim, jicho gani?"

Maalim akanitazama mimi, na Bi Zuhura akayafuata macho yake, akaelewa.

Seif alishinda. Wiki iliyofuata nilikwenda kwao kuomba radhi. Bi Zuhura alinisemesha kutoka dirishani.

"Wewe ulijua kabla yangu?"

"Naam, Bi."

"Nilikulea kama niliyekuzaa, nikakwita mwanangu. Nenda, usirudi."

Seif alipata nyumba ya hotelini, mimi nikabaki mjini, ati mpaka ajipange. Alikuwa akija kila Ijumaa. Nikaona kikombe kinamtetemeka mkononi, akasema ni uchovu. Siku moja, nikimfulia suruali, nikakuta mfukoni dawa za ugonjwa wa sukari. Tarehe iliyoandikwa juu ya paketi ilikuwa ya miezi saba nyuma.

"Mbona hukunambia?" nikamuuliza. "Mimi si mkeo?"

"Nikwambie wewe?" Hakuwa na hasira. Ndilo lililoniumiza. "Wewe ukijua panapomuuma mtu, unapajengea ukuta."

"Nilifanya kwa ajili yako, Seif."

"Najua. Ndiyo maana silali nikikupa mgongo."

Wasomaji wenzangu, nawaombeni... Mtu akikuonesha udhaifu wake, amekupa roho yake uishike. Usimwoneshe mwengine, hata huyo unayelala naye kitanda kimoja. Yule unayemfurahisha kwa siri ya mtu anakuwa wa kwanza kukuogopa, na hatakwambia kuwa anakuogopa. Mimi nilikuwa na baba, mama na mume. Niliwatoa wote kwa pipa moja na misumari sita.

Siku ile ya dawa, Seif aliikunja suruali yake ikiwa bado mbichi, akaitia mkobani na nguo zake nyengine. Nikamuuliza kama Ijumaa atakuja. Alitazama mkono wake unaotetemeka, akauficha mfukoni, akashuka ngazi. Nikasikia mlango wa chini ukifungwa nyuma yake.