Sanduku la Somo Zakia

Jambo la kwanza lililokwenda kombo lilikuwa dogo mno, hata Mboni akalihesabu kuwa ni uzee tu. Somo Zakia alileta sanduku la vitambaa kwa toroli, akalishusha mlangoni, kisha hakuondoka. Alisimama juani, jasho likimtiririka, akingoja.

"Ahsante sana, somo," Mboni alisema.

"Ahsante haitoshi, mwari wangu. Sema nimepokea."

"Nimepokea."

"Tena."

Alimsemesha mara tatu, ndipo akacheka na kwenda zake bila hata kunywa maji.

Mboni hakubisha. Huyu ndiye aliyemfunda unyagoni, hapa hapa Kinjumbi, akamfundisha mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyataja. Neno la somo halipimwi kwenye mizani. Linamezwa.

Tena sanduku lilikuja kwa wakati wake. Mboni alikuwa anapanga upya chumba chake cha kushonea mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka, maana nyumba moja ya wageni kule Masoko ilikuwa imeagiza kumi na mawili. Aliapa hanunui hata mita moja mpaka avimalize vitambaa vya akiba. Vipande vya kanga alivitia kwenye ndoo, vitenge kwenye maboksi ya sabuni, mabaki ya sare za shule kwenye mfuko mtupu wa salfa, dawa ya mikorosho ya mumewe Ismaili. Kila kitu alikifanya polepole. Baada ya miaka sita ya kungoja na mimba mbili zilizoharibika, alikuwa na mtoto wa miezi mitano tumboni, na hata kuinama aliinama kwa hesabu.

Vitambaa vya somo vilikuwa vyekundu vitupu: hariri, melimeli, pamba nzito, vyote vizima, havijawahi kuonja mkasi. Mboni akavikata.

Siku ya tatu alirudi kutoka kisimani adhuhuri, jua la utosi, akakuta chumba kinanukia marashi ya halwaridi. Alichokipanga kilikuwa kimepangwa upya. Kila kipande chekundu kilikuwa kimetolewa, hata vile alivyokwisha kuvishonea kwenye mfarishi, vimefumuliwa bila uzi kukatika, vikarudishwa sandukuni. Na lile sanduku, alilolipunguza hadi nusu, lilikuwa limejaa pomoni.

"Umeingia huku?" alimwuliza Ismaili.

"Niingie nifanye nini? Nishone?"

Mboni alicheka naye, lakini kicheko hakikushuka kifuani.

Kesho yake adhuhuri, Ismaili akiwa shambani, alijilaza mkekani chumba cha pili, na ndipo aliposikia cherehani ikishona, si kwa pupa ya mtoto anayechezea pedeli bali kwa mwendo wa fundi anayeijua kazi yake, anashona, anatua, anang'ata uzi, anashona tena, na halwaridi likawa linapenya chini ya mlango likazidi mpaka akalisikia ulimini, naye akainuka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili, akasogea hatua moja moja akitambaa na ukuta, akasukuma mlango kwa kidole, akaona pedeli inapanda na kushuka yenyewe, kitambaa chekundu kinatembea chini ya sindano, na pembeni, vimekunjwa vizuri, vinguo saba vya mtoto mchanga. Akakiokota kimoja. Kilikuwa na mikono, kilikuwa na pindo. Tundu la shingo hakikuwa nalo.

Alikimbilia kwa Bi Rehani, fundi wa majini, ambaye pia aliuza vitumbua, kwa kuwa majini hayaji kila siku lakini njaa huja. Bi Rehani alimfunika shuka jeupe, akamfukiza ubani.

"Nani wewe uliyevamia nyumba ya watu?" aliuliza taratibu.

Mboni akasikia kinywa chake mwenyewe kikijibu kwa sauti nzito ya kiume. "Sikuvamia. Nimeoa."

"Umeoa nani?"

"Huyu. Sanduku ni mahari. Amelipokea kwa kinywa chake mara tatu, akalikata kwa mkono wake."

"Na mwozeshaji?"

"Zakia. Niliahidiwa bintiye, Sada. Akaniomba nimsamehe Sada, nimchukue mwari wake badala yake."

"Na mtoto aliye tumboni?"

"Si wangu. Nimeshamshonea."

Shuka lilipofunuliwa, Mboni alikuwa analia. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa na nguo sanduku zima.

"Arudi Zakia alichukue kwa mkono wake," Bi Rehani alinong'ona. "Mwingine hawezi. Mimi siwezi."

Kwa Zakia walikuwa wanakuna nazi, vigelegele uani. Sada anaolewa Ijumaa. Mboni alimvuta somo nyuma ya jiko.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Mbona umekauka midomo?"

"Kalichukue sanduku lako."

Zakia hakukana, na hilo lilimuuma Mboni kuliko uongo wowote.

"Nikilichukua, linarudi kwa Sada."

"Huyo jini anataka kuniulia mtoto, somo! Wewe ndiye uliyenishika mkono nikiwa na miaka kumi na miwili. Uliniambia nikikosa mama, wewe upo."

"Punguza sauti, wageni watasikia." Zakia alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nisamehe. Mwari ni mwari, Mboni. Mwana ni mwana."

Akarudi kwenye nazi zake.

Mboni alitembea hadi nyumbani na hakukumbuka alipita njia gani. Aliketi sakafuni mbele ya sanduku. Moyo ulikuwa umemwisha, na woga pia.

"Wewe angalau hukunidanganya," alisema. "Basi nisikilize. Huyu mtoto niachie."

Halwaridi lilikaza. Sauti ikasikika sikioni kwake, karibu sana, pole kabisa. "Na mimi nipewe nini?"

"Sema."

Akasema. Mboni alifumba macho, akaweka mkono tumboni, akaitikia.

Ismaili aliporudi alasiri alikuta godoro na nguo zake barazani.

"Mbona vitu vyangu viko nje?"

"Utalala hapa."

"Mpaka lini?"

Tumboni mwa Mboni mtoto alicheza, mara mbili, kwa nguvu.

"Mboni, nimekukosea nini?"

Kutoka chumbani mtu alikohoa, kile kikohozi cha mwenye nyumba aliyesikia wageni barazani kwake. Ismaili alirudi nyuma hatua moja.

"Nani yule?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mboni alimtazama mwanamume aliyengoja mtoto pamoja naye miaka sita. Alitamani kumkumbatia, akaogopa.

"Mume wangu," alisema.