Mshona Mikono wa Mstari wa Nne

Jumatatu ile iliamka kama Jumatatu zote. Nilichemsha maji, nikampa mama dawa yake, nikafunga mlango, nikaenda kazini. Tofauti ilikuwa moja tu: nilikwenda peke yangu. Dada yangu, aliyenitafutia kazi ile, tulikuwa tumemzika jana yake.

Mtaniuliza kwa nini sikubaki nyumbani kuomboleza. Kiwanda chetu cha mashati kilikuwa kinapunguza watu. Meneja alisema soko limeanguka huko ng'ambo, oda hazipo, na mstari wowote utakaopungukiwa hata mtu mmoja utafungwa na waliobaki wataenda nyumbani. Mstari wa nne tulikuwa kumi na wawili. Mimi nilishona mifuko, dada alishona mikono ya mashati. Jumamosi jioni alianguka akivua viatu, baada ya wiki tatu za zamu mbili mbili, na hakuinuka tena.

Kila asubuhi msimamizi, tuliyembatiza Kipenga kwa sababu ya kile alichovaa shingoni, alisoma majina bila kuinua macho. Ukiitwa unasema "Nipo," anaweka alama, basi. Kumwitikia mwenzako aliyechelewa ilikuwa kawaida yetu. Dada mwenyewe aliniitikia mara nyingi nikiwa bado napekuliwa getini. Kwa hiyo fundi kola, rafiki yangu niliyeosha naye mwili wa dada, alininong'oneza kabla ya kengele.

"Muitikie. Kazi yake tutagawana. Mwezi mmoja tu, mpaka oda zirudi."

"Amekufa, wewe."

"Na sisi tulio hai je?"

Jina la dada likasomwa. Nikasema, "Nipo." Kipenga akaweka alama.

Siku mbili tulimshonea kwa kupokezana wakati wa chakula. Kiti chake kilikuwa nyuma ya nguzo, na hakuna aliyekuwa na haja ya kupita huko. Siku ya tatu nilikwenda kuchukua fungu langu nikakuta mikono yote imeshashonwa na kufungwa kumi kumi. Nikadhani fundi kola amenihurumia. Yeye alidhani ni mimi. Tukaulizana mstari mzima, kila mtu akatikisa kichwa. Niliigusa cherehani ya dada. Ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo nilipopaswa kupiga kelele. Sikupiga. Ganzi ile inayokamata mguu uliokaliwa muda mrefu, mimi ilinikamata kifuani. Na kusema kweli nilifurahi kidogo kwamba siku hiyo ningekula nimekaa.

Kesho yake mashine ile ililia mchana kutwa. Jua linachoma mabati, sisi tunapangusa jasho, na nyuma ya nguzo sindano inakwenda tu. Haikusimama kwa chakula. Haikusimama kwa maji. Kipenga alikwenda kutazama, akakaa huko kidogo, akaandika kitu, akarudi anatabasamu.

"Yule ndiye mfanyakazi," alisema. "Mikono mia nne, wala halalamiki. Kuanzia kesho kila mtu mia nne ya kazi yake."

Tangu hapo tukawa tunakimbizana na maiti. Mama wa vifungo alizimia mara mbili. Hakuna aliyethubutu kuchungulia nyuma ya nguzo isipokuwa mimi, tena mara moja. Niliona mgongo. Nilikuwa nimeukanda mgongo ule kila jioni kwa miaka sita, siwezi kuukosea. Nikamwita kwa jina tulilozoea nyumbani, polepole. Hakugeuka. Mabega yalikuwa yanatetemeka. Labda alikuwa analia, labda ni mashine tu iliyomtetemesha.

Jioni ile nyumbani mama aliniuliza, "Mwenzako amepumzika lakini?" Nikamwambia amepumzika. Uongo huo ndio ulionishinda kuumeza. Kazi ningeweza kuipoteza, lakini dada alipaswa kupumzika.

Asubuhi jina lake liliposomwa, nilinyamaza. Kipenga akarudia. Nikasimama.

"Amekufa," nikasema. "Tumemzika. Mimi ndiye niliyekuwa namwitikia. Mfute."

Kwa mara ya kwanza Kipenga aliinua macho. Hakushangaa. Aliutazama mstari, mtu mmoja mmoja, kalamu mkononi.

"Mstari wa nne," aliuliza taratibu, "mtu wenu yupo au hayupo?"

Nikamgeukia mama wa vifungo. Analea wajukuu wanne peke yake. Akatazama chini.

"Yupo," alisema.

Aliyefuata akasema yupo. Na aliyefuata. Sauti zilikuwa ndogo, za watu wanaoomba radhi. Akabaki fundi kola. Nilimkazia macho.

"Yupo," alinong'ona.

Nyuma ya nguzo, mashine ikaanza.

Siwalaumu. Ningetaka kuwalaumu, lakini nami nilikaa, nikavuta kitambaa, nikashona mifuko mia nne. Nitaanzia wapi?

Mwisho wa mwezi walibandika picha ya mfanyakazi bora ubaoni, wakatukusanya tuitazame. Ilipigwa mchana kweupe. Dada ameinamia mkono wa shati, uso umegeuka kidogo. Puani ana kitu cheupe. Watu wa mistari mingine walisema ni vumbi la kitambaa, nani asiyelipata humu ndani. Ilikuwa pamba. Niliiweka mimi, kwa vidole hivi, na upande wa kushoto sikuisukuma vizuri nikaacha ncha inachungulia. Kwenye picha inachungulia.

Meneja akasema tumpigie makofi. Nikapiga.