Mama Aliyemwokoa Fundi

Fundi cherehani alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. Kila jioni alivua viatu na kuanza: "Kuna mama kaniokoa kule kazini, mke wangu! Simjui hata sura, lakini namwombea kila siku."

Kaokolewa kutoka kwenye nini? Hapo alikuwa bubu.

Mkewe alimpakulia chakula huku wivu ukimtafuna. Yeye hushinda na sindano, akiziba kwa nyuzi matundu ya nguo anazoletewa na jirani, na hapati hata ahsante. Sifa zote kwa mama wa watu!

Asubuhi moja alibeba kikapu hadi kwa jirani.

"Shangazi, nguo zako hizi. Narudi kwetu. Mume wangu ana mwanamke."

"Umemwona?"

"Namsikia kila siku. Ni 'mama aliyemwokoa'."

Jirani akamvutia kiti. "Keti, mwanangu. Maneno hayo maana yake umeielewa: mwanamke aliyemtoa mumeo kwenye balaa. Lakini maana ni jambo moja, na mtu anayetajwa ni jambo jingine. Mimi ni 'jirani yako', tena ni 'mama wa yule dereva'. Maana mbili hizo, lakini mtu?"

"Mmoja. Ni wewe."

"Haya. Lile koti jeusi lililoungua mgongoni, nani aliliziba tundu?"

"Si mimi? Macho yaliniuma wiki nzima."

"Aliyeliunguza kwa pasi ni mumeo. Bila wewe angefukuzwa kazi. Mwenzake wa kazini aliniletea kwa siri, akaniomba nifunge mdomo; mumeo aliambiwa tu kuna mama kalitengeneza."

Mke akashika kichwa. "Kumbe nimejionea wivu mwenyewe!"

"Maana uliijua. Mtu hukumuuliza."

Jioni fundi akavua viatu. "Yule mama, jamani..."

"Wa koti jeusi?"

Fundi akaganda, kiatu mkononi. Mkewe akamwekea vidole vyake mbele, vimejaa alama za sindano. Fundi alikuwa hajaviangalia siku nyingi.

"Ni wewe?" akauliza kwa sauti ya chini. "Niliona aibu kukwambia. Ahsante, mke wangu."

Mke alilia kidogo, kisha akacheka.

Tangu hapo sifa za fundi huanzia nyumbani. Na siku akimsifu mtu mwingine, mkewe huuliza kwanza: "Ni nani huyo?" Akishajibiwa, ndipo huamua kama atakasirika.