Nani Mwenye Filamu ya Kalista?

Kalista analima ulezi pale Izia, Sumbawanga. Mimi ni jirani yake, Evodia. Kalista aliandika hadithi ya mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Tukakubaliana tuifanye filamu.

Tuliifanya kama tunavyolima. Kwetu, mwenye shamba hupika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na majirani huja kumsaidia. Hakuna anayeuliza shamba ni la nani, maana kila mtu anajua. Basi Kalista akapika, sisi tukaigiza, na kijana Maximilian akapiga picha kwa kamera yake. Hatukuandikiana chochote.

Baada ya mavuno nilipita kwenye kibanda cha video mjini. Jamani! Filamu yetu inaonyeshwa, watu wamejaa. Kwenye skrini imeandikwa: Mwandishi, Maximilian. Mwenye filamu, Maximilian. Jina la Kalista halipo kabisa. Tulimfuata yule kijana. Akajibu bila haya kwamba kamera ni yake, kwa hiyo filamu ni yake.

"Kwa hiyo mwenye jembe achukue na shamba langu?" Kalista akamuuliza, machozi yanamtoka.

Nikamshika Kalista mkono, tukaenda kwa Mama Asnath, afisa utamaduni. Tulimwamkia, tukamweleza. Naye alikasirika, lakini hakutuacha salama.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema. "Serikali inataka filamu iwe kazi ya kumlisha mtu. Kazi hiyo ina mkataba."

Akatufundisha. Hadithi ni mali ya aliyeiandika. Kabla ya kupiga picha, andikeni nani mwenye filamu, na kila mmoja atapata nini. Ombeni kibali cha kupiga picha. Kisha sajilini kazi yenu kwenye ofisi ya hakimiliki, ili mwizi akija muwe na ushahidi.

Akamwita Maximilian na mwenye kibanda. Waigizaji wote tulikwenda kushuhudia. Maximilian alipoulizwa hadithi aliitoa wapi, aliinamisha kichwa, kisha akakiri. Filamu ikasimamishwa, jina la Maximilian likafutwa, la Kalista likaandikwa. Tukaisajili.

Juzi mwenye kibanda alibisha hodi kwa Kalista. Alikuja mwenyewe, kwa unyenyekevu, kuomba ruhusa ya kuionyesha. Kalista akampa kigoda, akamwambia asubiri, kwanza amalize kupepeta ulezi wake.