Sikugusa Hereni

“Shusha mkono!”

Sauti ya Komando ilipasua ukumbi, lakini mkono wa Msomi ulikuwa umeshapita. Ulinipata chini ya jicho. Nikaenda chini kama gunia, na huo haukuwa mwanguko niliofundishwa.

Komando alipanda jukwaani na raba zake, filimbi ikicheza kifuani. Ni mwanamke mfupi, mnene, aliyecheza judo ujanani. Kila pigo na kila mwanguko katika kundi letu la maigizo alitufundisha yeye.

“Umeiona ishara wewe?” alimuuliza Msomi.

“Nimeiona.”

“Mimi sikuiona.”

“Mama, wewe umekaa kule nyuma. Sisi wachumba tunaonana kwa moyo.”

Wenzetu wakacheka. Komando hakucheka.

Kazi yetu ina sheria moja ambayo mgeni huambiwa hata kabla hajaonyeshwa choo kilipo: anayepigwa ndiye anayeamuru. Mpigaji anainua mkono, anangoja. Mpigwa akigusa hereni ya kushoto, mkono unapita hewani mbele ya uso wake, na yeye mwenyewe anajipiga pajani, upande usioonekana, ili watazamaji wasikie mlio. Asipogusa, mpigaji anashusha mkono na kusema mstari unaofuata. Hakuna kuulizana kwa nini.

“Binti,” Komando alinigeukia, “uligusa hereni?”

Kundi zima lilinitazama. Msomi naye alinitazama, anatabasamu kwa midomo tu.

“Niligusa, Mama,” nikasema. “Labda hukuona.”

Komando akapuliza filimbi. “Haya. Kutoka mwanzo.”

Msomi alilipata jina hilo chuoni, tulikosoma saikolojia wote wawili, yeye akiwa mbele yangu. Juu ya saikolojia aliongeza falsafa, na juu ya falsafa aliongeza maneno. Mimi nilikuwa msichana wa kukaa kiti cha nyuma, anayejua jibu na kuomba Mungu asiulizwe. Yeye ndiye aliyenitoa kule nyuma na kunileta kwenye maigizo. Mchezo tuliokuwa tukiuandaa aliuandika mwenyewe, na kila onyesho lilieleza nadharia moja ya mapenzi. Baada ya mchezo, harusi. Kadi zilikuwa zimeshachapwa.

Aliniita Nusu.

Mchana huohuo tulikuwa jikoni kwake. Nilikuwa namenya viazi. Aliingia, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni.

“Yule fundi taa alikuambia nini?”

“Alisema nisogee kushoto, kivuli kinanifunika uso.”

“Na wewe ukacheka.”

“Alisema nina kivuli kikubwa kuliko mwili. Ndiyo nikacheka.”

Alinishika nywele akanipigiza paji la uso kwenye mlango wa kabati. Sahani zililia ndani. Kisu cha viazi kikaniponyoka, akakisukuma kwa mguu mpaka chini ya jiko.

“Unaikumbuka ile hadithi ya kale?” Alisema polepole, mkono bado umeshika nywele zangu. “Binadamu alikuwa duara. Mikono minne, miguu minne. Akakatwa katikati. Tangu hapo kila nusu inaitafuta nusu yake. Mimi nimeipata yangu. Sasa nusu yangu icheke na fundi taa?”

“Naomba uniachie.”

“Mguu wangu ukiniwasha naukuna. Siuombi ruhusa.”

“Tulisoma na mengine,” nikasema, damu ikinishuka puani hadi mdomoni. “Tulisoma kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema kwa ajili yake mwenyewe. Siyo kwa ajili yako.”

Alinipiga ngumi ya ubavuni, pumzi ikakatika. Nilipokunja mwili alinikanyaga mkono. Kisha, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo, akaketi sakafuni kando yangu, akaanza kulia.

“Siyo hasira,” alisema huku ananifuta damu kwa kitambaa cha sahani. “Ni hofu. Wewe unaijua nadharia hiyo. Mtoto anayeachwaachwa na mama yake hukua aking'ang'ania kila anayemshika. Mtoto huyo ni mimi. Ukicheka na mwingine mimi naona mlango unafungwa.”

Mlango uliofungwa ulikuwa wa jikoni, na ufunguo alikuwa nao yeye. Hata hivyo nilimhurumia. Nadharia ile niliifanyia mtihani nikapata alama nzuri, na sasa niliitumia kumwonea huruma mtu aliyenikanyaga mkono.

Aliponifungulia mlango nilienda chumbani kwangu, nikampigia mama simu.

“Mama, amenipiga.”

“Nani?”

“Mchumba wangu.”

“Si ndiyo kazi yenu hiyo?” Mama alicheka. “Ameshanipigia hapa, anajuta kweli, masikini. Amesema mkono uliteleza mazoezini. Mimi nikamwambia, mwanangu nilimlea hawezi hata kumkemea kuku anayekula unga, leo anapigwa mbele za watu na watu wanalipa kiingilio!”

“Mama, siyo mazoezini. Jikoni.”

“Mlikuwa mnarudiarudia jikoni?”

“Hapana, Mama…”

“Mwanangu, sikiliza. Kijana msomi, mpole, ananiita mama kuliko hata wewe unavyoniita. Harusi ikikaribia kila bibi harusi huona mashetani. Barafu weka usoni, ulale.”

Simu ikakatika. Nilikuwa bado nimeishika pale ujumbe ulipoingia:

“Nusu yangu, jeraha lako linaniuma na mimi. Siku ya mchezo vaa zile hereni za fedha, zinaonekana vizuri kutoka mbali. Nakupenda mpaka naogopa.”

Moyo ulinidunda kwa nguvu. Ndio uliokuwa ushahidi wangu wote kwamba nampenda: akiingia unadunda, akiandika unadunda.

Asubuhi ya mchezo Komando alinikuta chumba cha mavazi, navaa gauni. Alifunga zipu mpaka katikati, akaacha.

“Hili la ubavuni nani kakufundisha?”

“Ni la mazoezi, Mama.”

“Mazoezi gani? Mapigo yote ya kundi hili nayajua kama watoto niliowazaa. Hakuna hata moja linalofika hapa.” Aliigusa alama kwa ncha ya kidole. “Na huu mkono? Nani anakanyagwa mkono kwenye mchezo huu?”

Nikauficha mkono nyuma ya gauni. Yeye hakuacha.

“Unampenda?”

“Nikimwona moyo unadunda.”

“Hata mimi nikimwona mbwa mkali moyo unadunda. Sijawahi kumchapishia kadi za harusi.”

Nilicheka, ubavu ukauma, kicheko kikageuka kilio. Tena nikakumbuka somo la mwaka wangu wa pili: watu wakivuka daraja linaloyumba huhisi moyo ukienda mbio, na wakimkuta mtu upande wa pili hudhani ni yeye aliyewapa mbio zile. Mwili hauandiki juu ya hofu kwamba hii ni hofu. Siku nzima tulijadili somo lile darasani. Msomi ndiye aliyenisaidia kuliandikia insha.

“Anasema sisi ni nusu mbili za mtu mmoja aliyekatwa,” nikamwambia Komando.

“Na akikatwa je? Kidonda hakiponi?” Akanivutia zipu hadi juu. “Mwili haukai wazi maisha yote ukimngoja aliyekata. Mimi siwezi kusema kwa niaba yako, binti. Siku ile nilikuuliza mbele ya watu ukanijibu, nikameza. Lakini masikio ni yako. Hereni pia ni zako.”

Akatoka. Nilikaa nikijitazama kwenye kioo. Kisha nikavua hereni za fedha, nikaziacha mezani kando ya poda.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa safu ya mbele, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya harusi ili alizoee. Onyesho la kwanza likapita salama, la pili likapita. La tatu ndilo la kofi.

Msomi alisimama mbele yangu chini ya taa. “Mimi na wewe ni kitu kimoja!” alipaza sauti kama ilivyoandikwa, akainua mkono.

Nilisimama. Mikono niliinyoosha mbele, viganja wazi, mbali na paja. Nywele nilikuwa nimezibana nyuma. Pembeni mwa mapazia wenzetu wote walikuwa wakitazama, na nilijua wanachokiona: masikio matupu.

“Gusa,” alininong'oneza.

“Sina hereni.”

“Gusa sikio basi.”

“Sigusi.”

Angeweza kushusha mkono. Mstari uliofuata aliuandika yeye mwenyewe, nao ni mfupi: “Basi, nenda.” Angeusema tu. Nilimwona akiufikiria, naapa niliuona mdomo wake ukianza.

Akanipiga.

Kofi la kweli halina mlio mzuri. Lilitoka zito, kama nyama inapoangukia ubao. Niliyumba, sikuanguka. La pili lilipasua mdomo. La tatu lilikuwa ngumi, na hapo nikapiga magoti. Alinishika koo kwa mikono yote miwili, uso wake juu yangu, jasho lake likinidondokea machoni.

“Unaniaibisha,” alisema akiuma meno. “Nusu yangu inaniaibisha mbele za watu!”

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Walisimama, wakapiga vigelegele, mtu wa nyuma akapiga kelele, “Huyu ndiye mwigizaji!” Macho yangu yalianza kuona giza pembeni, na katikati ya giza nilimwona mama, amesimama, anashangilia.

“Mikono chini!”

Komando aliingia jukwaani na filimbi yake na raba zake, katikati ya mwanga, mbele ya watu wote. Alimshika Msomi mkanda na kola, akageuza kiuno, na mchumba wangu akapita hewani akatua kwa mgongo. Mbao zililia. Fundi taa akawasha taa zote za ukumbi, na shangwe ikafa ghafla kama redio iliyochomolewa.

“Ni mchezo!” Msomi aliinuka kwa kiwiko, akijaribu kucheka. “Jamani, ni sehemu ya mchezo! Mimi ndiye mwandishi!”

“Hakutoa ishara,” alisema fundi taa kutoka juu.

“Hakutoa ishara,” alisema dada anayecheza kama mama yake Msomi.

Wakatoka nyuma ya mapazia mmoja mmoja, na mavazi yao ya kuazima, na kila mmoja alisema hilohilo.

“Ishara gani?” Mama alikuwa ameshafika jukwaani, viatu mkononi. “Niambieni, ishara gani?”

Komando alimweleza kwa maneno machache. Mama aliyatazama masikio yangu, kisha damu, kisha mkono wangu uliovimba toka jikoni.

“Nusu!” Msomi alinililia. “Waambie! Waambie uligusa! Kama siku ile. Siku ile si ulisema uligusa?”

Sauti yangu ni ndogo. Chuoni walikuwa wakiniambia rudia, hatukusikii. Lakini ukumbi ulikuwa kimya mpaka taa zinasikika zikivuma.

“Leo sikugusa,” nikasema. “Wala siku ile sikugusa.”

Kiatu cha mama kilimpata Msomi sikioni. Cha pili kilimkosa kikampata askari wa lango aliyekuwa akipanda kuja kumkamata.

“Samahani, baba,” mama alimwambia askari. “Hicho hakikuwa chako.”

Kwenye zahanati nilishonwa mdomo. Mama alikaa kando ya kitanda, peku, gauni la harusi lina damu yangu begani. Mganga alipotoka, akaanza kuzungusha kifundo cha leso yake.

“Nilisimama,” alisema. “Anakukaba, na mimi nimesimama nashangilia.”

“Hukujua, Mama.”

“Uliniambia jikoni. Kiswahili ulichosema ni hiki ninachokijua.” Alilia bila kujifuta. “Mimi nilikuwa namtaka kijana msomi awe mkwe. Nilimtaka mpaka masikio yakaziba.”

Sikuweza kuongea zaidi kwa sababu ya nyuzi. Nilimshika kichwa nikakilaza kifuani kwangu, upande usiouma, naye akanilalia kama mtoto. Alipotulia akauliza, “Zile kadi tuzifanye nini?”

Nilionyesha kwa vidole: tuwashie jiko.

Alicheka na mimi nikajaribu, nyuzi zikakataa.

Msomi yuko rumande akingoja kesi, na mashahidi dhidi yake ni ukumbi mzima. Kundi liliamua mchezo usife. Onyesho la tatu niliombwa nilirekebishe mimi; sikubadilisha neno hata moja. Fundi taa ndiye aliyejitolea kuucheza upande wa Msomi mpaka apatikane mtu. Hajui kuigiza. Mistari anaisoma kama tangazo la maji kukatika.

Siku ya kwanza ya kurudi mazoezini nilivaa hereni ndogo za plastiki. Mama alikuja, akakaa safu ya mbele, viatu mkononi kwa tahadhari.

“Mimi na wewe ni kitu kimoja,” alisoma fundi taa, akainua mkono.

Moyo ulinidunda. Mara hii nilijua ni nini, nikauacha udunde.

Alingoja. Mkono ulianza kuchoka, na bado alingoja, anaangalia sikio langu kama mtu anayengoja maji yachemke.

“Mama,” alimnong'oneza Komando, “akichelewa nifanye nini?”

“Unangoja.”

“Asipogusa kabisa?”

“Unajua.”

Vidole vyangu vilikuwa karibu na sikio. Nikavirudisha chini.

Fundi taa alishusha mkono taratibu, akautafuta mstari wake kwenye karatasi, akausoma vibaya sana:

“Basi, nenda.”

Safu ya mbele, nilimsikia mama akiweka viatu chini, kimoja, halafu cha pili.